Uzee ni Swali la Nani?

Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi nilikuwa nikisomesha Kijapani kijijini Bwejuu. Wanafunzi walikuwa vijana saba walioitaka lugha hiyo kwa ajili ya kazi za kutembeza wageni. Tulikuwa tukikutana barazani baada ya sala ya alasiri, saa ambayo wanawake wamekwisha kuanika mwani waliouvuna asubuhi, na upande wa pwani husikika mlio wa makumbi yakipondwa kupatia usumba. Siku moja tulifikia somo la kusoma lililohusu jambo ambalo Wajapani huliita koreika mondai. Nikaandika ubaoni tafsiri iliyonijia kwanza: tatizo la jamii kuzeeka. Darasa likacheka. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwao Wajapani mzee ni tatizo?" Kabla sijamjibu akajijibu mwenyewe: "Sisi huku hatuwatupi wazee wetu." Wenziwe wakaitikia kwa vichwa.

Sikumkosoa, kwani hata mimi nililelewa katika kuamini hivyo. Lugha yetu yenyewe yatushuhudia. Mzee kwetu ni cheo, na mtu huweza kuitwa hivyo hata kabla ya mvi kumtoka. Tena twasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile nilihisi kwamba tumekubaliana upesi mno, na makubaliano ya upesi aghalabu huwa yameruka jambo.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi ya mwalimu wa lugha. Wajapani wana majina matatu ya jamii kwa kadiri ya uzee wake. Watu waliotimiza miaka 65 wakifikia asilimia 7 ya watu wote, jamii huitwa inayozeeka. Wakifikia 14, huitwa iliyozeeka. Wakipita 21, huitwa iliyopindukia kuzeeka. Mpaka wa kwanza Japani iliuvuka mwaka 1970, wa pili mwaka 1994, na wa tatu mwaka 2007. Leo watu hao wamefika kiasi cha asilimia 29. Safari ya kutoka "inayozeeka" hadi "iliyozeeka", ambayo Ufaransa ilikwenda kwa zaidi ya miaka 100, Japani iliimaliza kwa miaka 24. Sababu zake zafahamika: watu wanaishi zaidi, na watoto wanaozaliwa ni wachache. Visiwa vyetu vimejaa watoto na vijana, na kwa hesabu hiyo hatujaufikia hata mpaka wa kwanza.

Je, Wajapani walifika hapo kwa kukosa heshima? Hili ndilo nililotaka darasa langu lilijue kabla ya kucheka. Tangu mwaka 1966 nchi ile ina sikukuu ya taifa ya kuwaheshimu wazee, ambayo siku hizi huangukia Jumatatu ya tatu ya Septemba. Tangu mwaka 1963 serikali yao humtunza kikombe cha fedha kila anayetimiza miaka 100. Mwaka ule wa kwanza watu wa umri huo walikuwa 153. Kufikia mwaka 2024 walikuwa wamepita 95,000, na tayari mwaka 2016 kikombe cha fedha tupu kilikuwa kimebadilishwa kwa kikombe kilichopakwa fedha juu, kwa kuwa gharama ilikuwa imezidi.

Kisha likatokea tukio la mwaka 2010. Maofisa wa Tokyo walikwenda kumpongeza mtu ambaye daftari lao lilimhesabu kuwa na miaka 111, wakamkuta chumbani mwake ni maiti iliyokauka, aliyekwisha kufa yapata miaka 30 nyuma, na pensheni yake ikiendelea kupokewa na jamaa zake. Miaka yote ile serikali ilikuwa ikimhesabu miongoni mwa wazee wake wa kuheshimiwa, na hakuna aliyekuwa ameingia chumbani kumtazama.

Nilipowasimulia kisa hiki wanafunzi wangu hawakucheka. Yule kijana alisema tu, "Kwetu hilo haliwezekani, Mwalimu. Nyumba zetu hazina siri." Nadhani ni kweli. Lakini kutokumtupa mzee ni jambo moja, na kujua nani anayembeba ni jambo jingine.

Hapa sina budi kuungama. Miongoni mwa wale vijana saba walikuwamo ndugu wawili, kaka na dada. Dada ndiye aliyekuwa mbele ya wote katika kuandika herufi za kanji. Mkono wake ulikuwa mwepesi na kumbukumbu yake haikosei. Miezi miwili kabla ya somo lile aliacha kuja. Mimi niliandika katika daftari langu kwamba hakuhudhuria, nikaandika tena, kisha nikalipiga mstari jina lake, nikidhani amechoka kama wanavyochoka wengi. Kaka yake aliendelea na masomo, naye ndiye yule aliyesema kwamba sisi hatuwatupi wazee wetu.

Baada ya siku chache nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta bibi yao amelala ukumbini, miguu haimchukui tena. Mikono yake, iliyopiga makumbi na kusokota kamba umri mzima, ilikuwa imetulia juu ya kanga. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu." Akanisifia mjukuu wake wa kiume, kwamba ni kijana wa adabu, hapiti ukumbini bila ya kumwamkia. Kisha, bila ya dalili yoyote ya kulalamika, akaongeza: "Ila shikamoo hainyanyui mtu kitandani. Anayeninyanyua ni dada yake." Uani nilimwona mwanafunzi wangu akikoroga uji, na ndoo ya maji ya kuogea iko pembeni. Mama yao alikuwa pwani tangu asubuhi, kwani mwani hufuata maji, na maji hayamsubiri mgonjwa.

Basi wakati nilipokuwa barazani nikisomesha matatizo ya jamii iliyozeeka, mwanafunzi mmoja tu aliyelijua somo lile kwa mikono yake ndiye niliyemfuta.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni la sitara: mjukuu wa kiume hawezi kumwogesha bibi yake. Hilo nalikubali. Lakini sitara haimkatazi kuchota maji, kukoroga uji, kufua shuka, wala kukaa ukumbini na bibi yake ili dada yake apate saa moja ya kusoma. Tumelichukua katazo dogo tukalifanya ruhusa kubwa.

La pili lina uzito zaidi. Watasema kuwalea wazee ni ibada, na kuitajia gharama ni kuitia doa. Ni kweli kwamba Kurani, katika sura ya Al-Israa, imekataza hata kuguna mbele ya wazazi waliofikia uzee. Lakini amri ile inawahusu watoto wote, wa kike na wa kiume. Haikumchagua mmoja wao akabebeshwa mzigo na wengine wakasifiwa adabu. Na thawabu haipungui kwa kushirikiana. Anayesema kwamba kazi hii haina gharama, aghalabu ni yule asiyeilipa.

Wajapani nao waliijua hali hii. Kwa vizazi vingi kazi ya kuuguza wazee, ambayo wao huiita kaigo, iliwaelemea wanawake: mke, binti, na hasa mke wa mtoto wa kwanza wa kiume. Mwaka 2000 walianzisha bima ya huduma hiyo. Kila aliyefikia miaka 40 huichangia, na mzee anayehitaji msaada hupata mtu wa kuja kumsaidia nyumbani au mahali pa kushinda mchana, kwa kulipa sehemu tu ya gharama. Haikuondoa taabu yote. Wako mpaka leo wanaoacha kazi zao ili wauguze wazazi. Lakini ilitamka kwamba mzee wa nyumba moja ni deni la nchi nzima.

Zanzibar pia imelitamka hilo kwa namna yake. Ziko nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kwa wasio na wa kuwatunza. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 ana haki ya Pensheni Jamii, awe aliajiriwa serikalini au alikuwa mvuvi, mkulima au msokota kamba. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Wako wanaonong'ona kwamba mambo haya yatalegeza kamba za udugu. Mimi sioni hivyo. Fedha nayo, kama shikamoo, hainyanyui mtu kitandani. Lakini hununua sabuni, sukari na unga wa uji, na humpunguzia binti mmoja sehemu ya mzigo ambao hakuuchagua peke yake.

Nirudi kwenye ubao wangu. Neno mondai katika Kijapani lina maana mbili. Ndilo tatizo, na ndilo hilo hilo swali linaloandikwa katika karatasi ya mtihani. Katika kipindi kilichofuata nilifuta neno "tatizo", nikaandika "swali". Tatizo mtu anaweza kuliona kwa jirani, akamsikitikia, akapita. Swali hudai jibu kutoka kwa aliyeulizwa. Na hili la uzee huulizwa kila mwenye mkubwa wake ndani ya nyumba, hata kama nchi yake ina vijana wengi kuliko wazee, kwa maana bibi aliyelala ukumbini hapunguziwi uzito na hesabu ya watoto wa kisiwa.

Nikamwuliza yule kijana mbele ya wenziwe, kwa Kijapani chepesi, ni nani anayempikia bibi yake uji. Alikaa kimya muda mrefu, nami nilidhani hakuielewa sarufi. Kisha akajibu sawasawa, kwa neno moja: dada.

Siku hizi wale ndugu huja kwa zamu. Anayekuja leo humsomesha mwenziwe usiku, na anayebaki hukaa na bibi. Mama yao hufanya yale ya sitara kabla ya kwenda pwani na baada ya kurudi. Nimelirejesha jina la dada katika daftari, na nimemwomba radhi. Siwezi kusema kwamba mambo yametengenea. Kila mmoja wao hukosa nusu ya vipindi, na kanji za dada si nyepesi kama zilivyokuwa. Hasara haikuondoka, imegawanywa.