Damu Kabla ya Posa

Tuseme kijana wa Tanga amepata mchumba wa Kasulu, nao wamejuana kwa simu. Wazee, kama ilivyo ada, watapeleka mtu Kasulu na kwa jamaa wengine Kibondo kupeleleza: ukoo huu una wazimu? Una kifafa? Watajibiwa hapana, na mahari yatalipwa. Hakuna aliyeuliza habari za sikoseli.

Na jambo hili si dogo, ndugu msomaji. Kila mwaka huzaliwa Tanzania watoto wapatao 11,000 wenye maradhi haya. Aliyerithi ila hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, tena hupata kinga ya malaria kali. Ndiyo sababu imeenea katika nchi zenye mbu. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina fungu moja katika manne la kutoka na ugonjwa. Wengi wetu hudhani balaa hili ni la waoanao binamu. Sivyo. Mtu wa pwani na mtu wa Kasulu, wasiohusiana kabisa, waweza kuwa nayo wote wawili.

Mwaka 2019 mtaalamu George Church wa Harvard, Marekani, alieleza mpango wa programu ya kutafutia wachumba itakayosoma chembe za urithi, na walio katika hatari hiyo wasionyeshane hata sura. Wengi walimshutumu. Mimi kupima damu hakuniudhi. Saudi Arabia imelazimisha kipimo kabla ya ndoa tangu 2004, na wanaoambiwa hawapatani bado wana hiari ya kuoana. Kinachoniudhi ni kule kufichwa.

Fatima bint Qays alipomwendea Mtume (S.A.W.) naye ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, aliambiwa ila ya kila mmoja waziwazi, kisha akashauriwa aolewe na Usama. Hakufichwa mtu. Lakini ila hizo aliambiwa yeye mwenye kuposwa, hazikutangazwa sokoni.

Hapo ndipo pana hofu yangu. Binti wa Kasulu akipimwa na habari zikatoka, atanyoshewa kidole mpaka Kibondo, ilhali mwanamume mwenye damu kama yake haulizwi na mtu. Basi apimwe kijana kwanza, huko huko Tanga, kabla barua ya posa haijapelekwa. Akionekana hana, hakuna mtoto wao atakayepata sikoseli, na binti wa watu hana haja ya kuulizwa neno.