Tafuta Yethro Wako

Somo: Kutoka 18:13–27



Hapa Isiolo hakuna haja ya kumweleza mtu ukame ni nini. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa, mmoja baada ya mwingine. Wako kati yetu waliokuwa na boma lililojaa, na leo wanaamka kutafuta kibarua mjini. Na neno lao ni moja: “Pasta, mimi najua kuchunga tu. Nitaanzia wapi?”

Musa pia alikuwa anachunga tu. Tena mifugo haikuwa yake, ilikuwa ya mkwewe Yethro, kule Midiani. Mungu alipombadilishia kazi, alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80 (Kutoka 7:7). Kwa hivyo usiniambie ati umri umeenda!

Lakini angalia jambo hili. Mwito ulitoka kwa Mungu mwenyewe, pale kichakani. Jinsi ya kuifanya hiyo kazi mpya bila kuanguka, Mungu alileta mzee wa mifugo amfundishe. Mtu wa namna hiyo siku hizi tunamwita kocha. Kocha haingii uwanjani kukufungia bao. Anakuonyesha unapopotezea mpira.

Sikiza alivyofanya Yethro. Kwanza alitazama, Musa akiamua kesi asubuhi hadi jioni. Kisha akauliza kwa nini anakaa peke yake. Halafu akamwambia ukweli: utachoka wewe, na hawa watu watachoka. Akampa mpango wa kushikika: viongozi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Akaweka yote chini ya amri ya Mungu (mstari wa 23). Mwisho akarudi kwao. Hakudai kiti, hakudai fungu.

Sasa mpime na hayo kila anayekuja kukusaidia. Anayekuahidi kazi ya Ghuba kabla hajauliza unajua nini, na anataka pesa kwanza, huyo si Yethro. Kimbia!

Na wewe unayesema unajua kuchunga tu, keti na mtu mmoja anayekufahamu muhesabu pamoja. Unamtambua mbuzi mgonjwa kwa macho. Unajua bei ya mnyama kabla hajapimwa. Una subira ya jua kali. Huo ni mtaji, sokoni au buchani. Na kama umejifunza ufundi gereji bila cheti, NITA wana mtihani wa ufundi, gredi ya 3 hadi ya 1. Mikono yako inaweza kupata karatasi.

Mwisho, neno kwa wenye kazi tayari. Yethro hakungoja Musa amtafute. Alifunga safari akamfuata jangwani. Wewe mwenye duka, mwenye saluni, fundi wa kuchomelea: wiki hii mwite mtu mmoja wa kanisa hili akae nawe siku nzima. Mtazame, muulize, kisha umwambie ukweli kwa upendo.

Tuombe: Baba, umetuita. Tupe unyenyekevu wa Musa wa kusikia, na moyo wa Yethro wa kufundisha na kuachilia. Katika jina la Yesu. Amina.