Kukaguliwa si Kutukanwa

Wenye mikahawa wengine hunung'unika bwana afya aingiapo jikoni, wakisema, "Je, twadhaniwa wachafu?" Na tufikiri vema. Mjini New York alikuwako mpishi, Mary Mallon. Mwaka 1907 ilionekana kwamba anachukua vijidudu vya homa ya matumbo, naye mwenyewe haugui. Kwanza hakujua, wala hakuwa na hatia. Mwaka 1910 alifunguliwa kwa ahadi ya kutopika tena. Lakini mwaka 1915 alikutwa akipika hospitalini kwa jina jingine, maana hakuamini aliyoambiwa. Basi twaona kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa usafi wake. Kuonywa si aibu. Aibu ni kuonywa na kuziba masikio. Ampendaye jirani humfungulia mkaguzi mlango wa jiko kwa moyo mweupe.