Mwili Hauna Mahakama

Kibaka akishauawa na umati, kuna hoja ambayo haikosi msemaji kijiweni. Jamii ni mwili, mwizi ni kijidudu, na mwili wenye afya hauweki kijidudu mahabusu, unakiua. Nimeisikia Iringa nilikokulia, nimeisikia na Mbeya ninakosomea shahada ya uzamili. Kwa kuwa inauita mwili uwe shahidi, tumsikilize shahidi huyo.

Ni kweli mwilini mna seli ambazo kazi yake ni kuua. Mojawapo ni CD8, aina ya chembe nyeupe za damu. Hukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na humo hupita kwenye mchujo mkali: zisizoweza kusoma vitambulisho vya mwili na zile zinazoelekea kushambulia seli zake zenye afya huondolewa. Zaidi ya asilimia 90 hazivuki.

Iliyofuzu nayo haiui kwa kusikia kelele za "mwizi!" Seli za mwili huanika nje vipande vya protini zinazotengenezwa ndani, vikiwa vimeshikwa na kitambulisho cha mwili wenyewe. CD8 husoma vyote viwili pamoja. Kwa kuligundua hilo, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Tena, kabla ya kuanza kazi, CD8 huhitaji ishara ya pili ya kuthibitisha, ikiikosa, hupooza. Ikiua, hutoboa utando kwa perforini, huingiza granzaimu, na seli ile hujivunja yenyewe bila kuwaunguza majirani. Hatari ikipita, wauaji wengi hufa.

Linganisha na umati: kidole kimoja kinachonyooshwa, tairi, petroli. Na hata kwa uangalifu wake wote mwili hukosea. Katika kisukari cha aina ya kwanza, wauaji hawa huangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ambazo hazikuwa na adui ndani.

Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumesema tu kwamba umati uue kwa uangalifu zaidi. Swali zito ni hili: seli inayouawa imekosa nini? Haijakosa kitu. VVU vikiingia katika CD4, CD8 huiua CD4 hiyo, ambayo ni mlinzi mwenzake na mhanga wa kwanza. Mwili hauadhibu wala hautendi haki, unajiokoa tu. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu seli haina mama wa kuililia. Mtu anaye.

Sisi wa nyanda hizi tunapaswa kulielewa hili upesi. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulikuta asilimia 11.3 ya watu wazima wa Iringa na 9.3 wa Mbeya wanaishi na VVU. Tungeufuata mfano wa mwili hadi mwisho, ndugu zetu hao ndio tungewaita hatari ya kuondolewa. Tulichofanya ni kinyume chake. ARV haiui seli iliyoambukizwa. Inazuia kirusi kuzaliana. Anayeitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Binadamu alitafuta njia nyingine: kulizuia dhara bila kumwangamiza aliyelibeba.

Najua jibu la kijiweni: polisi watamwachia kesho asubuhi. Mama lishe aliyeibiwa mtaji wake wote ana haki ya kukasirika, na kesi inayokufa kituoni ni dhuluma kwake. Lakini hiyo ni sababu ya kuidai mahakama ifanye kazi. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Seli haiwezi kuuliza kama yupo wa kuokolewa ndani ya mshukiwa. Sisi tunaweza, na anayewasha kiberiti kabla ya kuuliza hawezi kujitetea kwamba aliiga mwili.