Nani Alitufundisha Kusoma Uso?

Mtoto wa Kinyangiri hujua kulisoma jicho la mama kabla hajajua herufi. Wageni wanakula, mkono wa mtoto unaelekea kwenye nyama kwa mara ya pili, mama hasemi neno. Anamtazama tu. Mkono unarudi.

Sasa tujiulize: ujuzi huo tunazaliwa nao? Mtoto hutambua uso wa furaha mapema. Hofu na kinyaa humchukua muda zaidi, na macho yake huendelea kunolewa hadi ujanani. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilisemwa kwamba nyuso ni lugha moja ya binadamu wote. Paul Ekman, mwanasaikolojia wa Marekani, alipeleka picha zake hadi Papua New Guinea miaka ya 1960 akarudi na jibu hilo.

Jibu tofauti limetoka karibu na kwetu. Mwaka 2020, Maria Gendron na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa Wahadzabe, wale wawindaji wa bonde la ziwa Eyasi ambao ni majirani wa Wanyiramba. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba sura fulani ya hasira au hofu inasomeka vilevile kila mahali. Kwa maoni yao, tunazipa nyuso maana kwa kutumia yale tuliyofundishwa na jamii iliyotulea.

Kama ni hivyo, hapo kuna jambo zito. Mkulima wa alizeti aliyekunja uso kwa jua tunasema ana roho mbaya. Mtoto aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa anafika mbele ya mtu asiyemjua, anaambiwa, "Mbona hunitazami? Umeiba wewe!" Nyumbani macho hayo ni adabu, hapa yamegeuka ushahidi. Na akithubutu kuinua macho, eti ana kiburi. Afanyeje sasa?

Wangapi wamechapwa kwa sababu ya sura zao tu, si kwa walichotenda? Anayehukumu anaamini ameona ukweli, kumbe ameona malezi yake mwenyewe.

Sisemi tuache kuzisoma nyuso. Hatuwezi kuishi bila hilo. Lakini mtu mzima ana deni ambalo mtoto hana: akishakisia, aulize. "Vipi mwanangu, kuna nini?" Kisha asubiri jibu, fimbo ikiwa bado chini.