Alipozaliwa: Yasemekana

Ukichora mti wa ukoo wa familia ya Frere Town, Mombasa, kuna mahali kalamu inagoma. Wamishonari wa CMS walianzisha makazi hayo mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Wengi asili yao ni pande za Ziwa Nyasa. Baadhi walinyakuliwa wakiwa watoto. Sasa hapo kwa "mahali pa kuzaliwa" unaandika nini?

Kubahatisha kijiji ili ukurasa upendeze ni kumfichia mwizi, manake unafuta alama ya kilichoibwa. Kuacha wazi nako ni kama mtu hakuzaliwa popote. Andika tu: "Pande za Nyasa, yasemekana," na aliyekuambia ni nani. Mjukuu akitafuta zaidi, atajua aanzie wapi.