Njia Mbili, Msaliti Mmoja

Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: mtu akikuambia uchague, huku jibu amekwisha kuliandika, je, amekudanganya? Wengi watadhani nazungumza siasa. La hasha. Leo nazungumzia mchezo, na hasa daftari la mchezo.

Upo mchezo wa kusimulia mezani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, na tangu hapo umezaa mingine mingi. Watu wanne watano wanakaa, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja anakuwa msimamizi. Msimamizi anaeleza mahali na tukio, kisha anauliza, "Haya, mnafanya nini?" Wanajibu, palipo na bahati, dadu inarushwa, hadithi inasonga. Hadithi moja yaweza kwenda miezi, kila Jumamosi kipande. Ndiyo maana msimamizi hawezi kuishi bila daftari.

Sasa tuseme vijana wa Kimara wamekaa kibarazani na hadithi ya mwaka 1889. Ni mwezi Mei. Askari wa Wissmann wamekwisha kuivunja kambi ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Wachezaji ni wajumbe, wana barua ya kufikisha Pangani. Msimamizi anauliza: mtapanda jahazi, au mtatembea kwa miguu kupitia Saadani? Wanabishana nusu saa nzima. Anayeogopa bahari anashinda. Kumbe daftarini mzee msaliti amewekwa njia zote mbili! Wangepanda jahazi, angekuwa nahodha; wametembea, amekuwa mwenyeji wa kuwalaza. Barua inaibwa vilevile.

Msimamizi atajitetea: "Kwani ubaya uko wapi, bwana? Hawajui, wamefurahi, na mimi nimehangaika wiki nzima kumtunga yule mzee." Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sisi tunaoandika hadithi fupi huwaburuta wahusika kokote tunakotaka, na hakuna anayelalamika. Lakini msomaji hakuulizwa njia. Anajua kalamu iko mkononi mwa nani. Mchezaji aliulizwa. Ile nusu saa ya kubishana ilikuwa mali yake, nayo imetupwa jalalani. Kwamba hajui haimaanishi hakuibiwa. Aliyeibiwa usingizini ameibiwa pia.

Mwingine atasema: mbona mwisho wenyewe unajulikana? Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, wajumbe watake wasitake. Kweli. Lakini hilo linajulikana na wote waliokaa pale, na hakuna aliyeahidiwa kulibadili. Walichoulizwa ni barua yao na roho zao. Hayo ndiyo yalikuwa yao kuyaamua.

Nionavyo mimi, ugonjwa unaanzia kwenye namna ya kupanga daftari. Wengi huliandika kama tamthilia: onyesho la kwanza, la pili, la tatu. Aliyeandika hivyo hana budi kuwaswaga wenzake kama mbuzi, wafike onyesho la tatu. Afadhali daftari liwe na sehemu nne. Ya kwanza ni watu: jina, anachotaka, anachoogopa, anachokijua. Mistari mitatu yatosha. Ya pili ni mahali: nani yupo, unaingiaje, unatokaje. Ya tatu ni mambo yatakayotokea kama hakuna atakayeyazuia, kwa tarehe zake. Mathalani, Wissmann anaichukua Pangani mwezi Julai. Ya nne ni yaliyokwisha kutokea: nani aliahidi nini, nani anamdai nani, nani aliachwa njiani. Hii ya nne iandikwe usiku uleule, kabla ya kulala. Tatu za kwanza ziwe za penseli, maana bado unaruhusiwa kufuta. Ya nne iwe ya wino.

Kwa mpango huo yule mzee ana kwao. Yupo Saadani, anataka fedha. Wakipanda jahazi, wamemkwepa, na wana haki ya kumkwepa. Jasho lako halikupotea: mzee bado yupo, bado ana njaa ya fedha, na siku moja atasikia habari zao.

Wapo waliofanya kazi ya namna hii jukwaani. Mwaka 1986, mjini Lubumbashi, kundi la Mufwankolo liliandaa mchezo kuhusu msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Mtafiti Johannes Fabian alikuwapo, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1990. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa ya kukariri. Walijadili kisa pamoja, wakagawana nafasi, na maneno yakatoka vinywani mwao wenyewe, kwa Kiswahili cha kwao. Mpango walikuwa nao, tena mzuri, lakini kila aliyepanda jukwaani aliujua. Basi kupanga si kosa. Kosa ni kuuficha mpango nyuma ya swali.

Kwa hiyo kama lazima barua iibwe, usiwazungushe watu. Waambie tangu mwanzo: "Mmefika Saadani, mmelala, mmeamka, barua haipo. Mnafanya nini?" Hakuna atakayenuna. Lakini ukishauliza njia ipi, jibu lao liwe na uzito, hata kama litakuharibia kurasa kumi. Anayeona vingine na aandike. Kurasa hizi ni zetu sote.